Je, Mke Amfiche Mumewe Ugonjwa wa Mkojo?



Jambo tunalolizungumza mwezi huu si la kusemwa sebuleni wageni wakiwapo. Lakini ukurasa huu ni wa mume na mke, na kati ya mume na mke lina mahali pake. Wako akina mama wengi, wazee kwa vijana, ambao wakikohoa, wakicheka, wakipiga chafya au wakiinua ndoo ya maji, mkojo huwatoka kidogo bila wao kutaka. Wengine hushikwa na haja ya ghafla, na kabla hawajafika chooni mambo yamekwisha haribika. Wengine wana yote mawili. Hapa Amu, ambapo nyumba za mawe zina ngazi za kusimama wima, na safari ya Mokowe, Faza au Kizingitini ni ya kukaa botini bega kwa bega na watu, mama mwenye shida hii huanza kupanga maisha yake yote kwa kufuata choo kilipo. Haendi harusini. Haendi jumuiya. Hanywi maji tangu asubuhi, hata katika joto la kaskazi. Hukunja leso ya pili ndani ya ile ya kwanza, na huifua usiku watu wamelala.

Na mara nyingi mumewe hajui.

Hapo ndipo linapokuja swali. Mke anayeficha jambo kama hili, je, anamdanganya mumewe? Na mume akija kugundua baada ya miaka, ana haki ya kusema, "Umenificha"?

Wengi hulijibu upesi. Wanaume husema ndiyo, amedanganya, kwa sababu wawili hao wamekuwa mwili mmoja, na mwili hauwezi kujificha wenyewe. Wanawake husema hapana, mambo ya mwanamke ni ya mwanamke, na mama zao waliyaficha wakaishi na waume zao mpaka uzeeni. Mimi sikubaliani na upesi huo wa pande zote mbili.

Tuanze na hoja ya wanaume, kwamba mwili hauwezi kujificha wenyewe. Si kweli. Mwili hujificha, na ugonjwa huu ndio ushahidi.

Chini ya nyonga ya mwanamke kuna misuli iliyotandwa kutoka mfupa wa mbele mpaka kifandugu. Misuli hiyo imebeba kibofu cha mkojo, mfuko wa uzazi na utumbo wa haja kubwa, kama vile kitanda cha kamba kinavyombeba mtu aliyelala. Mimba huilegeza. Kuzaa huilegeza zaidi. Kikohozi cha miaka mingi, kufunga choo, unene, mizigo mizito na kukoma hedhi navyo huongeza. Sasa, kamba za kitanda zikilegea hakuna anayekitupa kitanda baharini, huwambwa upya. Misuli nayo ni hivyo hivyo, yaweza kukazwa kwa mazoezi. Shida ni kwamba haionekani. Mwambie mama akaze ngumi, ataitazama ngumi yake. Mwambie akaze misuli ya ndani, hana pa kutazama. Wengi hukaza makalio, au mapaja, au tumbo, na wengine badala ya kuvuta juu husukuma chini, jambo ambalo huzidisha shida. Nao wanaamini kabisa kwamba wanafanya sawasawa.

Daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake huko Marekani, Arnold Kegel, aliliona jambo hili. Mwaka 1948 aliandika juu ya mazoezi ya misuli hiyo, na juu ya kifaa alichokitengeneza: kipira cha hewa kinachoingizwa ukeni, kilichounganishwa na saa ya kupimia mgandamizo. Mama akikaza vilivyo, mshale hupanda, naye anauona ukipanda. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, tiba za namna hiyo zilipewa jina la baiofidibaki, yaani mwili kuletewa habari za mwili. Siku hizi badala ya mshale kuna vihisio vidogo vinavyopokea umeme wa misuli na kuchora mstari kwenye kioo cha kompyuta, na vingine huonyesha hata kwenye simu. Mama aliyeishi na mwili wake miaka 40 anauona kwa mara ya kwanza ukifanya kazi ambayo siku zote umekuwa ukiifanya gizani.

Basi ikiwa mtu mmoja, ndani ya ngozi moja, anahitaji kuletewa habari za mwili wake mwenyewe, mume na mke watajuanaje bila kuambiana? Kuwa mwili mmoja ni ahadi ya kufanyiwa kazi kila siku. Si macho ya kuona yasiyosemwa. Kwa hiyo mume anayedai kwamba mkewe amemdanganya kwa sababu tu hakujua, anadai kitu ambacho hata mkewe hana juu ya mwili wake mwenyewe.

Hoja ya akina mama ina nguvu zaidi, na pia ina hatari zaidi. Ni kweli kwamba kunyamaza si kusema uongo. Hakuna mahali tulipoagizwa kusimuliana kila kitu cha mwili. Sisi wa pwani hii tumekulia katika sitara. Hata nyumba za mji wetu zimejengwa zikigeukia ndani, mpita njia asione kilichomo. Mimi sitaki mtu asome ukurasa huu akadhani nadharau sitara. Lakini tazameni jinsi kimya kinavyoweza kubadilika bila mwenyewe kujua.

Mama anaogopa kulowesha kitanda, hasa wakati wa tendo la ndoa, kwa maana kwa wengine mkojo hutoka wakati huo huo. Anahamia kitanda cha watoto. Baba anauliza, anajibiwa, "Ni joto." Anauliza tena baada ya juma moja, anajibiwa, "Nimechoka." Baba naye ni mtu. Akikosa maelezo anayatafuta mwenyewe, na anayoyapata ni mabaya: kwamba kuna mwanamume mwingine, au kwamba mkewe hampendi tena. Naye anaanza kuishi na mke ambaye hayupo, mke wa mawazo yake. Hapo kimya hakikubaki kimya. Kimemshuhudia mama huyo uongo, na uongo wenyewe ni juu yake mwenyewe, kwa maana anampenda mumewe na hana mwanamume mwingine.

Hiyo ndiyo mipaka ninayoiona. Mke anaweza kujinyamazia na mwili wake, na hana deni la kumweleza mumewe kila anachofua. Lakini kimya chake kikianza kumfanya mumewe aamini jambo lisilo la kweli, jambo linaloila ndoa yao, haki ya kunyamaza imefika mwisho wake. Wazee walisema mficha uchi hazai. Walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua, ingawa hapa si kifo, ni harufu, na kwa mama wengi harufu inaogopesha kuliko kifo.

Hapa wanaume wasifurahi mapema. Kwa nini mke anaogopa kusema? Hofu yake si ya bure. Wako wanawake waliorudishwa kwao. Wako walioletewa mwingine ndani. Wako ambao mume hakuwafukuza, lakini siku ya hasira neno "kikojozi" likatoka kinywani mwake mbele ya watoto, na neno hilo halifutiki. Mwanamke hapimi uaminifu wa mumewe kwa hotuba. Humpima kwa maneno anayoyasema juu ya watu wengine. Shangazi mzee akija kukaa wiki mbili, na bwana akaziba pua au akatania akiwa na wenzake barazani, mke amekwisha pata jibu lake. Hataambia kitu. Ndiyo maana mimi naona deni la kwanza katika jambo hili ni la mume: awe mtu anayeweza kuambiwa. Deni la mke la kusema linakuja la pili, na likikosa lile la kwanza, ni vigumu kumlaumu.

Rudini kwenye ile saa ya daktari Kegel. Mshale unamwambia mama ukweli, wala haumkemei. Akikosea haupandi, basi. Hausemi, "Umezembea." Akipatia unapanda, naye anajua. Mama huyo anaweza kuuvumilia ukweli kwa sababu umeletwa bila aibu. Wangapi kati yetu waume tunaweza kupokea habari na kuirudisha hivyo?

Siku moja mke akasema, "Baba Tereza, kuna jambo la mwili wangu linanisumbua, naomba unisikilize kwanza," jibu halihitaji kuwa refu. "Pole, Mama Tereza. Limeanza lini?" linatosha kwa usiku ule. Asiulize kwanza, "Kwa nini hukuniambia?" Swali hilo lina wakati wake, na wakati wake si ule.

Sasa juu ya haya na aibu. Kiswahili kimetupa maneno mawili, na tunayachanganya. Haya ni ulinzi: humfanya mtu afunge mlango anapovaa. Aibu ni hukumu: humfanya mtu aamini kwamba yeye ni mchafu. Mama mwenye haya anaweza kumwona mganga mlango ukiwa umefungwa, na haya yake ikabaki nzima. Mwenye aibu hawezi, kwa sababu anajua, au anadhani anajua, kwamba mganga naye atamhukumu. Baadhi ya waume huuliza kama inafaa mke Mkristo apimwe sehemu za siri, aingizwe kidole na muuguzi au kifaa cha kupimia. Inafaa. Aliyezaa hospitalini amekwisha pimwa zaidi ya hapo, na hakuna aliyeona dhambi. Anaweza kuomba apimwe na mwanamke, na ombi hilo ni la heshima. Mume asiweke kizuizi hapo kwa jina la haya, maana haya hiyo si ya mkewe tena, ni wivu wake yeye umevaa nguo ya haya.

Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika mji huu, wana jambo la kutufundisha hapa. Kwao mkojo hutengua udhu, na mtu angetazamia kwamba mwenye ugonjwa huu hawezi kusali kabisa. Lakini sheria yao inamtambua mwenye udhuru wa mkojo usiokatika: hujisafisha, hujifunga, hutawadha wakati wa sala unapoingia, na husali. Hakuambiwa akae mbali mpaka apone. Nasi tuna akina mama walioacha kuja Misa kwa miaka kwa sababu hii, na hakuna aliyewauliza.

Kuna neno lingine linalosemwa na akina mama wacha Mungu: "Huu ndio msalaba wangu." Nalisikia kwa heshima, lakini nina shaka nalo. Maumivu yasiyo na dawa tunaweza kuyatolea sadaka. Jambo lenye dawa, ambalo mtu ameacha kuitafuta kwa kuona haya, ni vigumu kuliita msalaba. Kadhalika wale wanaosema, "Ni uzee tu," au, "Ni malipo ya uzazi." Ni jambo la kawaida, ndiyo. Si lazima liwe la kudumu.

Msiogope kwamba dawa ni mashine ghali ya mbali. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Scotland na Uingereza kwa wanawake 600 wenye shida hii. Nusu walifundishwa mazoezi ya misuli ya nyonga pamoja na kifaa cha baiofidibaki, na nusu mazoezi yale yale bila kifaa. Baada ya miaka 2 makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Wengi walipata nafuu, wachache wakapona kabisa, na kifaa hakikuongeza kitu cha kutajika. Kwangu mimi habari hii ni njema kwa watu wa visiwani. Walichokuwa nacho wote ni mtu: mtaalamu aliyewafundisha, akawapima kama wanakaza panapostahili, akawauliza hali zao tena na tena. Kifaa chaweza kumsaidia mama ambaye hajaweza kabisa kuipata misuli yake, lakini asiyekipata hajafungiwa mlango.

Mazoezi yenyewe ni haya. Mama akae au alale, avute juu na ndani kana kwamba anazuia hewa isitoke nyuma na mkojo usitoke mbele kwa pamoja. Tumbo, mapaja na makalio yatulie, wala asizuie pumzi. Ashike kwa kadiri anavyoweza, aachie polepole, apumzike, arudie. Wataalamu hushauri angalau mara 8 kwa mfululizo, mara 3 kwa siku, kwa muda wa miezi 3 bila kukatisha. Asiyafanye kila mara katikati ya kukojoa, kwa maana kibofu hakitamaliza vizuri. Yule anayeshikwa na haja ya ghafla afundishwe pia kurefusha muda kidogo kidogo kati ya haja na haja. Apunguze kahawa, na hapa Amu najua naomba jambo zito. Lakini maji asiyaache. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na choo kigumu huzidisha shida.

Kabla ya yote apimwe, hospitali ya King Fahd hapa Amu au kituo cha afya kilicho karibu, kwa maana maambukizi ya njia ya mkojo na ugonjwa wa sukari huweza kuleta hali hiyo hiyo, na tiba yake ni nyingine. Akiona damu katika mkojo, au akiwa na maumivu, au ganzi sehemu za chini, asingoje.

Kuna mmoja ambaye mazoezi peke yake hayamfai. Ni yule ambaye tangu uchungu wa kuzaa uliochukua siku, mkojo humtoka mfululizo mchana na usiku. Huyo huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, lililotokana na kichwa cha mtoto kugandamiza muda mrefu mama alipokosa msaada. Anayejua umbali wa visiwa vyetu, na jinsi boti inavyongoja maji kujaa, anajua inavyotokea. Tiba yake ni upasuaji, na upo: Addis Ababa kuna hospitali ya akina Hamlin tangu mwaka 1974, Dar es Salaam kuna CCBRT, Mwanza kuna Bugando, Bukavu kuna Panzi, na hapa Kenya kuna Gynocare mjini Eldoret. Wengine, hata tundu likizibwa vizuri, hubaki wakivuja kwa sababu misuli nayo iliumia, na hapo mazoezi yana kazi yake. Mume aliyemwacha mke wa namna hii anapaswa kukumbuka tundu hilo lilipatikana katika kumzaa mtoto wa nani.

Wanaume huniuliza watafanya nini katika miezi hiyo 3. Vichache. Kubeba maji badala yake. Kuweka taa na njia nyeupe mpaka chooni. Kutandika taulo kitandani bila maneno, na kumpa nafasi aende kukojoa kabla ya kukutana. Kumkumbusha mazoezi ikiwa mwenyewe ameomba akumbushwe, si kumkagua kila jioni kama mwalimu wa zamu. Na wajue kwamba wanaume nao, hasa baada ya kupasuliwa tezi dume, huvuja, na hufundishwa mazoezi hayo hayo.

Limebaki moja: nani mwingine aambiwe? Mama mkwe, wifi, dada, wazee wa jumuiya? Hapana, isipokuwa yule ambaye mke mwenyewe amemchagua. Siri hii ilikuwa yake kabla haijawa ya wawili. Nami pia hufuata hivyo. Akija mume peke yake kunieleza habari za mwili wa mkewe, kabla hajafika mbali humwuliza kwanza kama mkewe anajua kwamba amekuja.